Kiti Kimo Ndani ya Bati

Hamjambo mafundi? Wa huko nyuma mnanisikia? Hiyo grainda izimwe kidogo, jamani.

Leo nataka kuwaonyesha kwamba kukunja tu kunaweza kulipa bati nguvu hata likawa kiti. Nianze na karatasi ya daftari. Nailaza juu ya glasi mbili hivi, naiwekea kalamu katikati. Mmeona? Imezama. Karatasi ni ileile, sasa naikunja mawimbi kama mabati ya paa. Narudisha kalamu. Naongeza simu yangu. Imekaa. Sijaongeza gundi, sijaongeza karatasi.

Mliosoma bweni mmelikalia sanduku la bati miaka minne. Bati lile kabla halijakunjwa ukilishika ncha moja linayumba kama jani la mgomba. Aliyelipa nguvu ni fundi aliyekunja kingo zake na kuzivingirisha kwenye waya. Kwa hiyo msije mkadhani nimekuja Kisumu kuwaletea elimu ya Ulaya. Walioketi soko la Kibuye hapa mjini wakigonga masanduku na makarai wanaijua kazi hii. Tatizo letu ni kwamba tukiambiwa tutengeneze kiti, tunakimbilia mabomba na kuchomelea.

Hebu tupige hesabu. Bati la geji 18, unene kama milimita 1.2, upana milimita 300. Ongeza milimita 25 kila upande wa urefu, uzikunje kuelekea chini. Umeongeza malighafi sehemu moja tu kwa sita, lakini ugumu wa kupinda umepanda zaidi ya mara 200. Ungetumia bati nene maradufu, ungepata mara 8, na bei ingekuwa maradufu pia. Hapo ndipo faida ya fundi ilipo. Shiti ya futi 8 kwa 4 ya geji hiyo ina uzito wa kilo 28 hivi. Ukipanga vipande vyako vizuri kwenye katoni kwanza kabla ya kukata bati, mabaki yanakuwa machache.

Mwaka 1934 Mwingereza Gerald Summers alitengeneza kiti cha mikono kwa kipande kimoja cha plaiwudi: akachanja, akapinda, basi. Hakina skrubu wala kitambaa, kwa sababu kilikusudiwa nchi za joto, ambako unyevu hulegeza viungo na kuozesha vitambaa. Sisi wa kando ya ziwa tunaujua unyevu huo. Miaka ya 1960 Peter Murdoch naye akatoa kiti cha watoto cha karatasi ngumu, unakunja mwenyewe nyumbani. Hicho, kusema kweli, sikipendi sana. Mtoto akimwaga uji, kwisha habari.

Sasa nikiri kosa langu. Niliwahi kukunja kabati la geji 16, unene kama milimita 1.5. Nikajumlisha vipimo vya nje, nikachora mistari, nikakunja. Kitako nilikuwa nimeshakikata, nikakiweka ndani: kikacheza kama jino bovu! Kila upande ulikuwa umezidi karibu milimita 3. Bati likikunjwa, upande wa nje unavutika, kwa hiyo ukitumia vipimo vya nje lazima upunguze kwa kila kona, kwa bati hilo karibu mara mbili ya unene wake. Punguza kwenye mchoro, si kwa nyundo. Mteja alikuwa amesimama pale, akauliza kama hilo ni kabati au kayamba.

Jambo jingine: bati hurudi. Ukilikunja nyuzi 90 ukaliachia, linafunguka kidogo, kwa hiyo pitiliza nyuzi moja au mbili. Kabla ya kukunja kona inayokutana na kona nyingine, toa kipande pembeni, la sivyo litararuka hapo. Na usigonge mkunjo mkali kupita kiasi; ukiona ufa upande wa nje, umeshachelewa.

Hapo mbele kuna katoni na visu. Kila wawili wachukue moja, wakunje stuli. Gundi hakuna, utepe hakuna. Mimi nina kilo 84, nitazipima kwa kuzikalia zote, na nitaanza na ya wale wawili wanaocheka huko dirishani.