Pole Pole Ni Nusu ya Mwendo: Kuzoeza Gari Jipya la Spoti

Mhadhara kwa mafundi vijana na wenye magari, Mombasa

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka gereji na grisi bado iko kwenye kucha, ahsanteni kwa kufika.

Nilifanya kazi Dubai miaka kumi na moja, katika gereji iliyopokea magari ya spoti zaidi ya magari mengine. Swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, gari ni jipya, niliendeshe vipi?" Na kabla sijafungua mdomo, mwenye gari alikuwa ameshapewa jibu na rafiki zake: pole pole. Pole pole ndio mwendo. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba hilo ni nusu ya jibu, na nimeona injini nzuri zikiharibiwa na watu walioishika nusu hiyo kwa moyo wote.

Wengi wenu mmekulia karibu na majahazi. Jahazi jipya likishushwa majini huvuja, hata kama fundi amelikalafati vizuri namna gani. Halivuji kwa ubovu. Mbao ni kavu bado, lazima zinywe maji, zivimbe, zibanane. Hakuna nahodha atakayelipakia shehena na kutweka tanga siku hiyo. Lakini pia hakuna atakayelivuta nchi kavu kwa kulionea huruma, maana mbao zisipoyapata maji hazitabanana kamwe. Sasa tuingie ndani ya silinda, lile tundu la injini ambamo mafuta huungua, mtaona ni mambo yale yale.

Silinda ikishachongwa kiwandani, husuguliwa kwa mawe maalumu yanayozunguka huku yakipanda na kushuka. Mawe hayo huacha michoro myembamba inayokatana. Mulika tochi ndani utaiona, kama ukili uliosukwa. Michoro hiyo ina kazi mbili: inashika oili, na inailainisha ringi, yaani pete ya chuma iliyovishwa pistoni inayopanda na kushuka ndani ya silinda, kidogo kidogo mpaka ringi na ukuta wakae sawasawa. Ringi mpya haigusi ukuta kila mahali. Inagusa hapa, inaruka pale. Kuzoeza injini ni kuifanya ringi iguse kote.

Je, ni nini kinachoibana ringi ukutani? Vijana wengi nikiwauliza hunijibu ni springi yake. Springi ipo, lakini ni kidogo. Kazi kubwa inafanywa na mlipuko wenyewe. Mafuta yakiungua, gesi hupenya nyuma ya ringi, ndani ya mfereji inamokaa, ikaisukuma kwa nje. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu ya wastani, gesi ni nyingi na ringi inabanwa sawasawa. Ukienda kwa kubembeleza, kilomita baada ya kilomita, gesi ni dhaifu na ringi inateleza juu ya oili. Oili ile inaungua ukutani na kuacha ngozi ngumu inayong'aa. Michoro inajaa. Silinda inakuwa kioo, na kioo hakishiki oili wala hakisugui ringi.

Kioo hicho nimekiona kwa macho yangu, na kilinigharimu. Kabla sijakwenda Dubai nilifanya ovahoo, yaani kuifungua na kuitengeneza upya, ya injini moja ya silinda nne, ringi mpya, silinda zimesuguliwa upya. Nikamwambia mwenyewe, mzee mmoja mwenye subira sana: baba, nenda pole pole mpaka ufikishe kilomita 3,000. Akanitii. Hakuzidisha 60, gia ya juu kila wakati, mguu mwepesi. Akarudi na injini inakula oili, moshi wa bluu kila akiachia mafuta na kukanyaga tena. Nilipofungua silindahedi, kifuniko cha juu cha injini, na kumulika, niliona uso wangu mle ndani. Ule ukili haukuwepo tena. Nikafungua injini yote, nikasugua silinda upya, nikaweka ringi nyingine, kwa pesa zangu. Yule mzee alifanya kila nilichomwambia. Kosa lilikuwa maneno yangu.

Kwa hiyo, je, tukanyage mpaka chini? Hapana. Tuitazame injini moja kwa karibu tujue kwa nini.

Porsche 911 GT3 ina injini ya lita 4.0, silinda sita zilizolala, isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, na inafika mizunguko 9,000 kwa dakika. Safari ya pistoni kutoka chini hadi juu ni milimita 81.5, upana wa kiganja changu. Kwenye 9,000, krenkshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara 150 kila sekunde. Pigeni hesabu: pistoni inatembea wastani wa mita 24 na zaidi kwa sekunde, karibu kilomita 88 kwa saa, ndani ya nafasi ya kiganja, na katika kila sekunde hiyo imesimama na kugeuka mara 300. Kwenye 4,000, mwendo wake ni chini ya mita 11 kwa sekunde. Mtasema ni zaidi ya mara mbili tu. Lakini nguvu inayoivuta pistoni na mkono wake wakati wa kugeuka huongezeka kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Kutoka 4,000 hadi 9,000 nguvu hiyo inazidi mara tano. Mara tano, juu ya beringi ambazo bado hazijajuana na shafti yake!

Ndiyo maana kitabu cha Porsche kinasema kilomita 3,000 za kwanza usivuke mizunguko 4,000. BMW kwa magari yake ya M, yale ya spoti, wamezoea kuandika kilomita 2,000, usizidishe 5,500 wala spidi ya 170, kisha gari lirudi libadilishwe oili ya injini na ya difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Corvette ya kizazi cha nane, gari la spoti la Marekani, inataka maili 500, yaani kama kilomita 800, chini ya 4,000, na uwanja wa mbio usiuone mpaka maili 1,500. Namba hazilingani kwa sababu injini hazilingani na wahandisi hawalingani kwa tahadhari. Fuata kitabu cha gari lako, usifuate cha jirani. Ila someni vizuri: 4,000 ni dari. Hakuna mahali kitabu kimesema ujifiche chini kabisa kwenye 1,500 ukiwa gia ya saba. Na Corvette wanaongeza neno ambalo wateja wangu wengi waliliruka: usikae kwenye spidi moja muda mrefu.

Hapo ndipo pana shida ya Dubai. Barabara ya Sheikh Zayed ni pana na imenyooka. Mtu ananunua gari, anabonyeza ile swichi ya kushikilia spidi, anakwenda Abu Dhabi na kurudi, wikiendi tatu, halafu anasema amemaliza kulizoeza. Ringi zimesugua kwa mzigo mmoja tu, gia zimebanana upande mmoja tu. Mimi niliwapeleka njia nyingine. Nendeni Ras al-Khaimah, mpande Jebel Jais. Kwenye mlima injini inavuta, kisha unaachia mafuta kwenye kona, kisha inavuta tena. Wakati wa kushuka, ukiwa kwenye gia na mguu umeuondoa, injini inajizuia yenyewe, mvuto ndani ya silinda unapandisha oili kidogo ukutani na kusafisha unga wa chuma uliosagika. Kanyaga, achia, kanyaga, achia, nusu ya pedali hadi robo tatu, gia ya tatu na ya nne, chini ya ile dari. Saa mbili za mlima zinafundisha injini kuliko siku nzima ya barabara iliyonyooka.

Sasa joto. Hili nalisema kwa msisitizo kwa watu wa pwani, kwa sababu joto letu linatudanganya. Mtu anatoka nyumbani asubuhi, hewa ni nyuzi 30, shati limeshalowa, anaona injini haiwezi kuwa baridi. Ndugu yangu, oili inataka kufika karibu nyuzi 80 au 90 ndipo ifanye kazi yake. Nyuzi 30 kwake ni usiku wa baridi. Na msitazame mshale wa maji peke yake, maji hupata joto mapema na oili hufuata nyuma kwa dakika kadhaa. Magari mengi ya spoti yana geji ya oili. Hiyo ndiyo ya kutazama. Usiliache gari likinguruma mahali pamoja likisubiri joto, kwa sababu hapo tumerudi kwenye gesi dhaifu na ringi inayoteleza. Washa, ngoja kidogo oili ipande, ondoka kwa utulivu. Ukiniambia nichague jambo moja tu katika yote ya leo, nitachagua hizo dakika kumi za kwanza, na nitazichagua hata baada ya gari kuvuka kilomita 100,000.

Kuna vijana wataniambia injini za siku hizi hazihitaji haya. Wana haki kwa sehemu. Nissan GT-R ya R35, iliyoanza kuuzwa 2007, haina hata sleevu za chuma, yale mabomba yanayovishwa ndani ya silinda. Kuta za silinda zimepuliziwa tabaka jembamba la chuma kwa moto wa plazma, na kila injini imeunganishwa na fundi mmoja kule Yokohama, mwanzo hadi mwisho. Usahihi wa namna hiyo unapunguza kazi ya kuzoeza. Lakini gari si injini peke yake. Niliwahi kumwaga oili ya difu ya gari la M lililofika kilomita 2,000 tu. Niliipokea kwenye trei, nikaitoa nje juani, ikawa inameta kama maji yaliyooshewa samaki. Kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili kulikuwa na utope wa kijivu, laini mno, ukiupikicha kati ya vidole huusikii. Ule ni uso wa gia, meno yakijichonga yenyewe. Ni jambo la kawaida kabisa, na ndiyo sababu oili ile hutolewa mapema.

Tairi nazo. Tairi jipya linatoka kwenye kalibu na mabaki ya kile kinacholizuia lisigande humo. Kilomita 100 au 200 za mwanzo halishiki barabara inavyopaswa, na gari lina nguvu za farasi 500. Nenda nalo taratibu kwenye kona, hasa mvua ikinyesha.

Breki zinataka maelezo zaidi, maana hapo ndipo niliona hasara za haraka. Pedi na diski mpya hazishikani kwa msuguano wa chuma peke yake. Pedi lazima ipake tabaka lake jembamba juu ya diski, sawasawa pande zote. Tafuta barabara tupu, punguza kutoka 100 hadi 30 kwa breki ya wastani, ongeza tena, rudia mara nane au kumi, bila kusimama kabisa. Kisha endesha bila breki mpaka zipoe. Diski za kaboni zina utaratibu wake, ufuateni ulivyoandikwa.

Kijana mmoja alilichukua gari lake jipya, siku ya tatu akafunga breki kwa nguvu zote kutoka spidi kubwa, akasimama kwenye taa, mguu bado umekandamiza pedali. Wiki iliyofuata usukani ulikuwa unatetemeka kila akigusa breki. Tulipovua gurudumu niliona alama ya pedi imechorwa kwenye diski, pembe zake zote, kama pasi iliyosahauliwa juu ya kanzu. Pale pedi iliposimama ikiwa ya moto, iliacha vitu vyake. Tulijaribu kuitoa, haikutoka yote. Diski mbili za mbele, mpya, zikatupwa. Alikaa kwenye kiti cha wateja akizitazama bila kusema neno, na mimi nilimwonea huruma, kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Kwa muda wote huu pimeni oili. Injini mpya inaweza kula oili zaidi kidogo kabla ringi hazijakaa, na hilo lisiwatie hofu. Porsche za siku hizi hazina kijiti. Unapima kwenye deshibodi, injini ikiwa ya moto na gari likiwa mahali palipo sawa. Wala msimimine dawa za kupunguza msuguano. Msuguano ule ndio tunaoutafuta.

Nimeulizwa hapa na dada yangu aliyekaa kando ya dirisha: kilomita zikitimia, je? Usiliamkie 9,000 asubuhi ya kilomita ya 3,001. Pandisha kwa hatua, leo 5,000, kesho 6,000, kila mara oili ikiwa ya moto, kwa mvuto mfupi, kisha achia.

Na mzee wangu anauliza, akinunua gari la spoti lililotumika, atajuaje kama mwenyewe wa kwanza alilizoeza? Kwa masikio hutajua, mzee wangu. Lakini kwa 911 muombe fundi wa Porsche achomeke mashine yake kwenye kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo huandika kila injini inapozungushwa kupita kiasi, kwa madaraja, pamoja na saa za kazi injini ilizokuwa nazo jambo hilo lilipotokea. Haitakwambia jinsi alivyopanda mlima. Lakini ukikuta imezungushwa kupita kiasi na injini ilikuwa na saa ishirini tu tangu izaliwe, mrudishie mwenyewe ufunguo wake.