Wiki za Kwanza za Mtoto wa Mbwa Nyumbani: Mhadhara kwa Wafugaji wa Mwanza

Ndugu Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, kina mama na vijana mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie malezi ya mtoto wa mbwa katika wiki zake za kwanza nyumbani, na nimekubali kwa furaha, kwa sababu katika kazi ya tiba ya mifugo hapa Mwanza huletewa mbwa wakubwa wenye matatizo ambayo chanzo chake ni wiki hizo. Huyu anawauma watoto wa nyumbani, yule anajificha uvunguni mwa gari mgeni wa usiku akiruka ukuta, mwingine hakamatiki hata kwa kuchanjwa. Mwenye mbwa husema kwamba ndivyo alivyozaliwa, na mara nyingi sivyo. Ninaloamini, na ambalo nitalitetea hapa, ni kwamba mlinzi mzuri hupatikana kwa kuzoeshwa watu akiwa mdogo, na kwamba usumbufu wa mwanzo unaowachosha wengi wenu, yaani kilio cha usiku, mikojo na kung'ata, hupungua sana pale mwenye nyumba anapoelewa unatokana na nini.

Tuangalie kwanza umri wa kumchukua. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka baada ya siku 10 hadi 14, na masikio hufuata mnamo wiki ya tatu. Tangu hapo hadi kufikia takriban wiki ya 12 au ya 14, kila anachokutana nacho bila kuumizwa hukizoea na kukihesabu kuwa jambo la kawaida, na asichowahi kukutana nacho ana hatari ya kukiogopa maisha yake yote. Wiki za mwanzo za kipindi hicho ni haki ya mama yake na ndugu zake, kwa sababu ni katika kuchezeana nao ndipo anapojua kwamba meno yanaumiza: aking'ata kwa nguvu, mwenzake hulia na kuuacha mchezo. Hapa kwetu watu huwachukua watoto wakiwa na wiki nne au tano, mara tu wanapoonekana kulamba uji, kwa kuhofia kwamba jirani atawahi kumchagua aliye mnene kuliko wote. Naomba sana desturi hiyo tuiache. Mchague mapema, mfunge uzi wa rangi shingoni ukipenda, lakini umwache kwa mama yake hadi atimize wiki nane.

Usiku wa kwanza ndio unaowashinda wengi, na hapo naomba tukae kidogo. Mtoto huyu hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe. Amezoea joto la miili ya ndugu zake na harufu ya mama yake, na anapolia usiku anafanya jambo ambalo porini lingemwokoa, kwa maana mtoto aliyeachwa na kundi akanyamaza asingeonekana tena. Kwa hiyo kile kilio si ukaidi wala si kudeka. Anayetoka na fimbo kumnyamazisha atafanikiwa baada ya siku chache, lakini mafanikio yake ni kumfundisha mbwa kwamba binadamu anayemjia gizani ni wa kuogopwa, na hilo ni fundisho baya kupita yote kwa mbwa unayetaka akulinde usiku.

Siku hizo za mwanzo, mlaze mahali ambapo anasikia pumzi na sauti za watu. Boksi kubwa la karatasi, lenye kanga kuukuu au gunia safi ndani yake, linatosha kabisa. Ukienda kumchukua, beba kitambaa ukakifute kwenye matiti na ubavu wa mama yake, kisha ukiweke humo alalie. Baada ya usiku kadhaa atakuwa ametulia, na hapo unaweza kulisogeza boksi kidogo kidogo hadi barazani, na baadaye kwenye banda lake. Anayelihamisha kwa pupa huanza upya.

Najua kwamba katika nyumba nyingi mbwa haingii ndani, na kwa ndugu zetu Waislamu, ambao wengi wao katika Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi na wa mifugo anaruhusiwa kufugwa, na hakuna ninalolisema leo linalomtaka mtu avunje utaratibu wa dini yake. Boksi linaweza kuwekwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, mahali penye paa na pasipopigwa na upepo wa ziwani, naye akasikia sauti zenu vizuri tu. Mpeni sahani yake na bakuli lake la maji, vikae nje, na watoto wajue kwamba havichanganywi na vyombo vya jikoni.

Kuhusu banda lenyewe, wengi hulijenga kwa mabati matupu juani, na mchana likageuka tanuri. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema, na mtoto wa mbwa huzidiwa na joto haraka. Liwekeni kivulini, sakafu yake iinuliwe juu ya ardhi. Wanaoishi milimani, Mabatini, Igogo au Bugarika, waangalie kwanza maji ya mvua hupita wapi kati ya mawe, maana sehemu iliyo tambarare na nzuri wakati wa kiangazi mara nyingi ndiyo njia ya maji wakati wa masika.

Sasa haja. Kibofu cha mtoto wa miezi miwili hakiwezi kubana mkojo kwa zaidi ya saa tatu hivi, na mara nyingi hakifiki hapo. Kwa hiyo hata usiku atatolewa angalau mara moja, na ni busara watu wazima wa nyumba wapeane zamu, asiachiwe dada wa kazi peke yake. Mchana, mpelekeni mahali palepale mara anapoamka, mara anapomaliza kula na mara anapomaliza kucheza, na akijisaidia pale mumsifu papo hapo, kabla hajageuka. Kumkandamiza pua kwenye mkojo alioutoa saa nzima iliyopita hakumfundishi chochote, kwa sababu hawezi kuunganisha adhabu ya sasa na tendo lililopita. Anachokiona ni kwamba hasira yenu haina sababu, na atajifunza kukojoa mafichoni. Wenye watoto wadogo wawafahamishe pia kwamba mbwa wa umri huo hulala saa 18 au zaidi kwa siku, na kwamba anayeamshwa kila saa ili achezewe huchoka, na akichoka hung'ata.

Kung'ata kwenyewe ni kwa kawaida, na huzidi meno ya utoto yanapoanza kung'oka kwenye mwezi wa nne hivi. Akikung'ata mkono, acha kucheza, nyamaza, geuka kando kwa muda mfupi, kisha mpe kitu chake cha kutafuna, kama kipande cha kamba nene kilichofungwa fundo. Msimpe ndala kuukuu, kwa sababu hana namna ya kuitofautisha na kiatu kipya cha Jumapili.

Chakula cha mbwa wengi wa Mwanza ni ugali na dagaa, nami sina ugomvi nacho. Dagaa wana protini nyingi, na kwa kuwa huliwa wazima, mifupa yao laini humpa mtoto kalsiamu anayoihitaji. Shida ni kipimo, kwa sababu sahani nyingi nizionazo ni ugali mtupu ulionyunyiziwa mchuzi, ilhali mwili unaokua unataka dagaa, nyama au mayai yaliyoiva yawe sehemu kubwa ya mlo. Shida nyingine ni mchanga. Dagaa walioanikwa chini ufukweni, hasa wale wa bei nafuu wanaouzwa kwa ajili ya chakula cha kuku, huja na mchanga unaoumiza tumbo, kwa hiyo wapepetwe, waoshwe na wachemshwe kabla ya kusagwa au kupondwa. Mifupa ya sangara na ile ya kuku iliyopikwa isimkaribie. Mabaki ya mboga yaliyojaa vitunguu nayo yasimkaribie, kwa kuwa kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Maziwa ya ng'ombe, ambayo watu huyatoa kwa huruma, huwaharisha wengi. Alishwe mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, kisha mara tatu hadi miezi sita, na maji safi yawepo wakati wote.

Nimetaja kuharisha, na hapa ndipo penye maziko mengi. Ugonjwa wa pavo huua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu, na virusi vyake hukaa kwenye udongo wa uani kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, bila kuuawa na sabuni ya kawaida. Sakafu ya saruji inaweza kusafishwa kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, baada ya uchafu kuondolewa. Udongo hausafishiki hivyo. Mahali alipofia mmoja kwa pavo, msilete mwingine ambaye hajamaliza chanjo.

Watu huniuliza kwa nini chanjo moja haitoshi, na wengine hudhani kuwa tunatafuta fedha. Jibu limo katika maziwa ya mama. Maziwa ya kwanza humpa mtoto kinga ya kuazima, na kinga hiyo inapokuwa bado na nguvu huizima chanjo kabla haijafanya kazi. Kinga ya mama huisha kwa nyakati tofauti kwa kila mtoto, mwingine wiki ya nane, mwingine baada ya wiki ya 12, na hatuwezi kujua kwa kumtazama. Ndiyo maana tunaanza kwenye wiki ya sita au ya nane na kurudia kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Anayekatiza katikati anaweza kuwa na mbwa aliyechomwa sindano mbili na asiwe na kinga yoyote.

Chanjo hiyo huzuia pia distempa, ugonjwa wa mafua, homa na degedege. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya pekee ya kuujali, kwa sababu mwaka 1994 virusi vya distempa viliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao, karibu simba 1,000, na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walitajwa kuwa chanzo. Mbwa anayechanjwa Magu au Bunda anawalinda wengi kuliko nyumba yake.

Lakini kama chanjo huisha wiki ya 16, na dirisha la kuzoea hufungwa wiki ya 14, tufanyeje? Tusimfungie. Mbebeni mikononi au kwenye kikapu, asikanyage mahali wanapopita mbwa wengine, aone dunia yake: honi za bodaboda, toroli la muuza maji, mtu mwenye mwavuli, mbuzi wa jirani, wanafunzi wakitoka shule, honi ya kivuko pale Kamanga. Muda mfupi kila siku unatosha, na akionyesha woga sogeeni mbali hadi atulie. Wale wanaosema kwamba mbwa aliyezoeshwa watu hatalinda nawaomba wanisikilize kwa makini. Mnyororo tangu utotoni, kufungiwa gizani na kulishwa pilipili havimpi ujasiri. Vinampa hofu, na mbwa mwenye hofu humbwekea kila kitu usiku kucha hadi hamna anayetoka kuangalia, kisha humuuma mtoto aliyefuata mpira. Aliyewazoea watu huijua hali ya kawaida ya uani kwenu, na ndiyo maana hushtuka kwa haki pale isipokuwa ya kawaida. Ukali wa ulinzi huja wenyewe anapokomaa. Hauhitaji kuchochewa akiwa na miezi mitatu.

Minyoo nitaipitia haraka. Mtoto huipata tumboni mwa mama yake na kwenye maziwa, kwa hiyo hupewa dawa kuanzia wiki ya pili, kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mayai ya minyoo hii huhitaji muda kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtoto wa binadamu, kwa hiyo kuzoa kinyesi kila siku ni kinga halisi. Kupe waondolewe kwa dawa iliyotengenezwa kwa umri wake. Kuna wanaomwogesha kwa dawa ya josho la ng'ombe, na dawa hiyo inaweza kumuua.

Kichaa cha mbwa nakitaja mwisho kwa kuwa ndicho kinachotuua sisi. Hadi asilimia 99 ya wagonjwa duniani huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo yake kwa kawaida hutolewa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka, na jamii ikifikisha asilimia 70 ya mbwa waliochanjwa ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Hata jino la mtoto wa mbwa, kama hajulikani alikotoka, lisipuuzwe: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Mtoto wa mbwa akikataa kula milo miwili mfululizo, akitapika, au ufizi wake ukiwa mweupe, mleteni siku hiyo, kwa sababu mwili mdogo huishiwa maji ndani ya saa chache. Sasa napokea maswali, na wenye watoto wa mbwa waliotimiza wiki sita waandikishe majina kwa Katibu kabla ya kuondoka, ili tupange pamoja tarehe za chanjo na tuwape kadi.