Sinia Mbili za Barabara ya 11

Assalam aleykum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mapenzi ya mpira. Nami niliomba ruhusa nizungumzie mapenzi ya timu moja tu, Coastal Union ya Tanga, maana hayo ndiyo ninayoyajua.

Kwa wageni wetu niseme hivi. Ngamiani, mjini Tanga, barabara zetu zina namba. Coastal, iliyoanzishwa mwaka 1948, maskani yake ni Barabara ya 11. Watani wetu wa jadi, African Sports, Wana Kimanumanu, wako Barabara ya 12. Unaweza kutoka kwa hawa ukafika kwa wale na kikombe cha kahawa mkononi, na kahawa haijapoa. Nyumbani kwetu marehemu baba alikuwa Coastal, mjomba alikuwa Sports. Mwaka mzima tulikula sinia moja. Ila siku timu hizo zikikutana, mama alipakua sinia mbili, moja ukumbini, moja uani, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Aliyefungwa alichelewa kurudi. Akirudi, alipitia mlango wa uani.

Sasa lile jina la utani la Coastal, Wagosi wa Kaya. Kwa Kisambaa na Kibondei mgosi ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Mtu akikuita mgosi katikati ya Kariakoo unageuka, kwa sababu unajua ametoka kwenu. Timu yetu imebeba neno la bibi zetu mpaka uwanjani, na mimi kila nikilisikia likitoka redioni kwa sauti ya mtangazaji asiyewahi kufika Muheza, moyo hunijaa.

Mwaka 1988 tulikuwa mabingwa wa Tanzania Bara. Juma Mgunda alikuwa mmoja wa wachezaji wa kikosi kile. Miaka mingi baadaye akarudi kuwa kocha, na waliomshangilia wakiwa watoto wakaja uwanja wetu wa Mkwakwani na watoto wao kumtazama amesimama pembeni ya mstari. Hapo ndipo ninapoona tofauti ya timu ya kwenu na timu ya mbali. Shujaa wako unakutana naye msikitini au sokoni, unampa mkono, unamuuliza hali ya nyumbani.

Lakini mapenzi yangu mimi hayakukomaa kwa ubingwa. Yalikomaa msimu wa 2015/16. Msimu ule timu tatu zilishuka daraja kutoka Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu za Tanga! Mkoa mzima ulibaki bila timu hata moja ya Ligi Kuu. Nakumbuka msimu ulipokwisha mjomba alikuja kwetu jioni, akakaa na baba barazani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikusikia utani kati yao. Mama alipakua sinia moja.

Tulikuwa Daraja la Kwanza misimu miwili. Nendeni mkawaulize waliokuwa wakija Mkwakwani wakati ule. Mchezo katikati ya wiki, jua la saa kumi, jukwaa lina watu wa kuhesabika. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kwa baiskeli yake, akaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ileile, akatandika gazeti kwenye zege, akakaa. Alikuwa na mihogo ya kukaanga kwenye karatasi, akimgawia kila aliyekaa karibu naye. Mpira ukitoka nje upande wetu ulimsikia beki akimwita kipa kwa jina, ukasikia hata kiatu kikigusa mpira. Sijawahi kuwa karibu na timu kama nilivyokuwa miaka ile. Tulirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19, na yule mzee alikuwepo, nguzo ileile.

Nina jambo linaloniuma na nitalisema. Simba au Yanga wakija Mkwakwani, uwanja unajaa pomoni, na wengi waliovaa jezi za wageni ni watoto wetu wa Makorora na Chumbageni. Siwakatazi kupenda wanachokipenda. Nawaomba tu, wiki inayofuata, wageni wakishaondoka, waje tena.

Tarehe 2 Julai 2022 tulikuwa Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga. Tulipanda basi usiku, Segera, Korogwe, Same, Moshi, tukafika na baridi ya Julai inatuingia mifupani, sisi watu wa pwani. Abdul Suleiman, Sopu wetu, alifunga mabao matatu peke yake. Matatu, kwenye fainali, dhidi ya Yanga! Dakika 120 zikaisha 3-3. Kwenye penalti wakatushinda 4-1. Watu wazima walilia pale, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ndani ya basi hakuna aliyelala, tulikuwa tukisimuliana yale mabao moja moja mpaka Mombo.

Msimu wa 2023/24 tukashika nafasi ya nne, tukaenda Kombe la Shirikisho la Afrika. Waangola wa Bravos do Maquis walitutoa kwa mabao matatu. Sawa, tulifika.

Baba hayupo tena. Mjomba yupo, amezeeka, na Sports yake haijarudi Ligi Kuu tangu mwaka ule. Coastal wakishinda, jioni humtuma mjukuu wake aniletee kipande cha halua kimefungwa kwenye karatasi. Mtoto hukikabidhi, husema, "Babu anasema hongereni," kisha hurudi mbio Barabara ya 12.