Ugomvi wa wenzi: namna ya kuukatisha na namna ya kuurudia

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Leo nina jambo moja tu. Wenzi wawili wanagombana, sauti zimepanda, na mmoja anatamani kuondoka. Aondoke au abaki? Akiondoka, aageje? Arudi lini?

Wengi tumelelewa na majibu mawili yanayopingana. La kwanza linasema msilale na kinyongo, yamalizeni hapo hapo. La pili linasema nyamaza, yatapita. Kwa maoni yangu yote mawili yameumiza watu wengi, na sababu yake tuitafute mwilini kabla ya kuitafuta kwenye tabia.

Mtu akihisi anashambuliwa, hata kwa maneno matupu, mwili wake hujiandaa kupigana au kukimbia. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Marekani alilieleza hilo mwaka 1915. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, pumzi hufupika, taya na mabega hukaza. Baada ya dakika chache homoni ya kortisoli nayo hupanda. Katika hali hiyo akili husaka hatari tu. Swali la kawaida husikika kama tuhuma, utani husikika kama dharau, na mtu hushindwa kushika mambo mawili kwa pamoja: hoja yake na ya mwenzake. Kumwambia mtu wa namna hiyo "nisikilize" ni kumdai kitu ambacho kwa wakati huo hana.

Wanasaikolojia John Gottman na Robert Levenson waliwapima wanandoa mapigo ya moyo na jasho huku wakizungumzia jambo wanalogombania. Gottman hutumia mapigo 100 kwa dakika kama alama: yakizidi hapo, mazungumzo ya maana hayawezekani tena. Alama hii unaweza kuipima mwenyewe. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya shina la kidole gumba. Usitumie gumba, maana lina mapigo yake na litakuchanganya. Hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 25 katika sekunde hizo, umefika 100. Mwenye mazoezi makali ya viungo ana mapigo ya chini, hivyo kwake hata 80 ni onyo. Kama kuhesabu kunakuwia vigumu, angalia dalili nyingine: unarudia sentensi ile ile mara ya tatu, au limekujia neno ambalo unajua kabisa litamuumiza.

Kuna mtu hapandishi sauti. Ananyamaza, anakodolea macho ukuta, mwenzake anaona hajali. Vipimo vilionyesha kwamba ndani ya ukimya huo mara nyingi moyo unaenda mbio. Na kuficha hisia hakumsaidii wa pili. Utafiti wa Emily Butler na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, uliwaagiza watu wafiche hisia zao katika mazungumzo, na shinikizo la damu likapanda hata kwa wale waliokuwa wakizungumza nao. Kwa hiyo kukaa kimya kwenye kiti msihesabu kuwa ni kupumzika.

Basi dawa ni kukatisha, ila kwa utaratibu. Utaratibu huo kubalianeni siku ambayo hamna ugomvi, mkiwa mmetulia. Katikati ya ugomvi kila pendekezo huonekana hila.

Anayeomba kukatisha ataje mambo matatu: hali yake, muda, na mahali pa kurudi. Kwa mfano: "Nimepandwa na hasira, siwezi kukusikiliza vizuri. Naomba nusu saa. Saa tatu na nusu tukutane hapa hapa mezani tuendelee." Mwenzake anajibu "sawa", basi. Hakuna neno la mwisho, hakuna kufuatana chumbani. Angalieni kwamba anaomba kwa ajili ya nafsi yake. Akisema "umechemka, nenda katulie kwanza", amewasha moto mpya, kwa sababu hapo anamhukumu mwenzake na kumfukuza kwa pamoja.

Kwa nini nusu saa? Gottman anashauri muda usiopungua dakika 20. Adrenalini huondoka kwenye damu upesi, lakini kortisoli huchukua zaidi ya saa moja kupungua kwa nusu. Tatizo ni kwamba mtu hujihisi ametulia mapema kuliko mwili wake. Anarudi baada ya dakika 5, neno moja linamgusa, anawaka upya, na wa pili anaamini kwamba mapumziko hayafai kitu. Upande wa pili, msivuke saa 24. Baada ya hapo hayo si mapumziko tena, ni kununa, na mwenzako anakaa na swali la lini utasema naye. Kama ni usiku na mmechoka, pangeni saa kamili ya kesho, baada ya kula. Kulala kabla ya kumaliza si kosa. Kulala bila miadi ndilo kosa.

Ndani ya nusu saa hiyo ndipo wengi wanapoharibu. Wanatembea huku na huku wakitunga hotuba: nitamwambia hivi, akijibu vile nitamkumbusha lile la mwaka jana. Mwili haujui kwamba ugomvi umekatishwa, kwa maana kichwani unaendelea. Wala msitegemee kupiga mto ili hasira itoke. Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha jaribio ambamo waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira nyingi kuliko wengine. Wale waliokaa tu bila kufanya chochote walikuwa na nafuu zaidi.

Anza na pumzi: vuta kwa sekunde 4, toa taratibu kwa sekunde 6, dakika 5 mfululizo. Zinakuwa pumzi 6 kwa dakika. Kisha shika kazi inayochukua mikono na macho, kama kuosha vyombo, kukunja nguo au kuoga. Mawazo ya ugomvi yakirudi, yape jina kwa neno moja, "nimeumia" au "naona aibu", urudi kwenye vyombo. Pombe iache. Usiendeshe gari, na usimpigie ndugu simu ili awe hakimu. Ujumbe mrefu wa simu nao ni ugomvi ule ule, tofauti yake umeandikwa.

Saa ikifika, aliyeomba mapumziko ndiye anayekuja kwanza. Hili nalisisitiza kuliko yote. Asipokuja, safari ijayo mwenzake atamzuia mlangoni, na atakuwa na haki ya kuogopa. Pimeni mapigo tena. Mmoja aseme kwa dakika 2 au 3, wa pili arudie alichosikia kabla ya kujibu: "Umeumia kwa sababu nilipanga safari bila kukuuliza. Ndivyo?" Akikosea, asahihishwe kwa upole. Leteni jambo moja tu. Na msidai liishe leo, maana kwa hesabu za Gottman karibu asilimia 69 ya mambo wanayogombania wanandoa ni ya kudumu, yanatokana na tofauti za tabia na mahitaji. Kinachotafutwa ni kuweza kuyazungumza bila kuumizana.

Haya yote ni kwa watu wanaogombana bila mmoja kumwogopa mwingine. Penye kipigo, vitisho au kuzuiwa kutoka, usikae kuomba nusu saa. Nenda mahali salama na mweleze mtu unayemwamini au wahudumu wanaoshughulika na ukatili.

Najua mtaniuliza: na kama mwenzangu hataki utaratibu huu? Anza peke yako. Taja hali yako, taja saa, ondoka, urudi kwa saa hiyo hata kama bado amenuna. Mwanzoni atakufuata na kusema unakimbia. Usibishane juu ya hilo, rudia saa uliyotaja. Akishaona mara kadhaa kwamba ukisema nusu saa unarudi baada ya nusu saa, hofu ya kuachwa njiani hupungua, na hapo ndipo panapofaa kumwomba mkae mkubaliane maneno mtakayotumia wote wawili.