Honi Ikilia, Nani Anakimbilia Geti?

Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, akina mama na akina baba, asanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa niseme juu ya usalama wa mageti na milango ya mabanda ya gari majumbani kwetu. Walionisikia kwingine wanajua nitaanzia wapi. Nitaanza na stopa, kile chuma cha kulizuia geti mwisho wa reli, na nitaendelea kuanza na stopa mpaka nione mageti ya Mwanza yamebadilika.

Fikirieni jioni ya kawaida. Baba anapandisha gari kutoka barabarani, anapiga honi mara mbili. Nani anakimbia kufungua? Mama yuko jikoni, dada ana nguo mikononi. Anakimbia mtoto wa miaka saba, kwa sababu anampenda baba yake na kwa sababu kusukuma geti ni raha. Anaweka viganja kwenye bati, anaegemea kwa uzito wake wote, geti linaanza kutembea kwenye reli, linashika kasi, naye analifuata mbio. Sasa niambieni: likifika mwisho, linazuiwa na nini?

Swali hili nimeliuliza Nyegezi, nimeliuliza Kiseke, na majibu ni yale yale. Wa kwanza anasema, "Linasimama lenyewe." Hakuna chuma kinachosimama chenyewe. Wa pili anasema, "Tumeweka jiwe." Jiwe mtoto analisogeza akicheza, mvua inalihamisha, fundi rangi analiondoa leo na kesho hakumbuki kulirudisha. Jiwe si stopa. Stopa ni chuma kilichochomelewa au kufungwa kwa bolti kwenye zege, kirefu kiasi cha kulipokea geti linalokuja kwa kasi bila kurukwa.

Tuelewane jinsi geti la kuteleza linavyosimama. Chini lina magurudumu mawili juu ya reli. Magurudumu yanabeba uzito tu, hayalizuii kulala ubavu. Kinacholishika lisilale ni rola za juu, zile zinazolibana kushoto na kulia kwenye nguzo. Geti likisukumwa mpaka mkia wake ukatoka kwenye rola hizo, kuanzia hapo halishikwi na kitu. Linaanguka upande wowote, na mtoto anayelisukuma yuko ama upande huu ama ule.

Uzito wake tuupige hesabu hapa hapa. Geti la mita 4 kwa mita 2 lina bati la mita 8 za mraba. Bati la unene wa milimita 1.5 lina karibu kilo 12 kwa kila mita ya mraba, hiyo ni kama kilo 95. Ongeza fremu: bomba la pembe nne la milimita 50 kwa 50, unene milimita 2, ni karibu kilo 3 kwa mita, na geti kama hilo linakula mita 20, kwa hiyo kilo 60. Tumeshafika kilo 155, bado kufuli, maua ya chuma na mishale ya juu. Ni mifuko mitatu ya saruji na zaidi, inamwangukia mtoto wa kilo 22. Na wale waliopiga bati pande mbili, ongezeni kilo 95 nyingine.

Niliwahi kuitwa nyumba moja upande wa Buswelu kulisimamisha geti lililoanguka. Nililikuta limelala ndani ya uzio, juu ya baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Usukani ulikuwa umekunjwa mpaka umegusa kanyagio. Mtoto alikuwa ameshuka kuufuata mpira, ndiyo maana nasimulia habari hii bila kulia. Mama wa nyumba aliniomba nilirudishe haraka kabla mzee hajafika. Nikaenda kwanza kuangalia mwisho wa reli. Imekatwa kwa grenda, safi kabisa, mbele yake udongo. Nikapapasa zege kutafuta hata kovu la kuchomelea, labda stopa ilikuwapo ikang'oka. Hakukuwa na kovu. Geti lile lilipakwa rangi mbili, likapambwa samaki wa chuma katikati, likalipiwa, na muda wote huo hakuna aliyeuliza litaishia wapi.

Najua kuna anayesema moyoni, watoto wafundishwe wasiguse geti. Wafundishwe, naunga mkono. Lakini stopa inawekwa kwa ajili ya siku ambayo somo limesahauliwa, na kwa mtoto siku hiyo ni leo. Tena mageti yanawaangukia na walinzi, watu wazima wenye akili timamu. Mwingine ananiambia Mungu ndiye mlinzi. Nami namwamini Mungu, na ninaamini ametupa mashine ya kuchomelea tuitumie. Wa tatu analia gharama. Ndugu yangu, ni vipande vya engo, yaani chuma cha pembe, vya urefu wa kiganja, masalia ambayo fundi ameyarundika nyuma ya karakana yake, na kazi isiyofika saa moja. Ulinunua mishale ya juu kumzuia mwizi, ukashindwa kununua kipande cha kumzuia mwanao asife!

Kukagua ni hivi. Watoto wakiwa ndani, watu wazima wawili walifungue geti polepole mpaka mwisho. Shika ukingo wa mwisho, usikae mbele ya ubavu wake: geti la mita 2 likilala linafika mita 2, kwa hiyo anayetazama asimame mbali zaidi ya hapo. Angalieni kama linagonga chuma kabla mkia haujatoka kwenye rola. Kisha lifungeni, mwangalie na upande wa pili, maana stopa ni mbili. Zikikosekana, geti lifungwe kwa kufuli, mtumie mlango mdogo mpaka fundi aje.

Kwa sisi wa milimani kuna la ziada. Isamilo, Bugando, Igogo, tumejenga juu ya miamba na njia ya gari inapanda. Geti la kufungua kwa bawaba linagota kwenye mwinuko, ndiyo maana wengi tumechagua la kuteleza. Sasa reli nayo isifuate mteremko. Iwe sawa kwa pimamaji, hata kama itabidi kuchonga mwamba au kumwaga zege. Reli iliyoinama hufanya geti litembee pindi kitasa kikiachia, na masika yakishusha mchanga na kokoto, gurudumu linapanda kokoto na kuruka reli. Fagio tu, kila baada ya mvua.

Wenye mageti ya mota, sikilizeni. Umeme ukikatika mnafungua mota kwa ufunguo, na tangu hapo geti liko huru kama la kusukuma, kwa hiyo stopa ninayoihubiri inawahusu vilevile. La pili ni sensa, yale macho mawili yanayotazamana, yanayolizuia geti kufunga kitu kikikatiza kati yake. Huku ziwani buibui hawalali, na wadudu wa ziwa wakifuata taa wananaswa kwenye utando mbele ya jicho. Geti linagoma kufunga. Badala ya kufuta kwa kitambaa, mtu anaita kijana, kijana anaunga nyaya ili mota idhani njia ni nyeupe. Geti sasa linafunga hata kama mtoto amesimama katikati. Uingereza mwaka 2010 watoto wawili walibanwa na mageti ya umeme wakafa, mmoja Manchester, mwingine Bridgend, katika muda usiozidi wiki moja. Aliyeunganisha nyaya zako mwite leo azirudishe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Milango ya banda la gari inayopanda juu basi niipitie mbio, ingawa ilistahili siku yake. Mwenye mlango wa mota alaze ubao bapa wa unene wa sentimita 4 sakafuni, aushushe mlango juu yake. Mlango ukigusa ubao ni lazima urudi juu ndani ya sekunde mbili. Marekani mota za nyumbani zilizotengenezwa tangu mwaka 1993 zinatakiwa kisheria ziwe na kinga ya kuzuia mtu asibanwe. Huku tunanunua hata zilizotumika, kwa hiyo jaribu mwenyewe kila mwezi. Macho ya sensa yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, mtoto anayetambaa aonekane. Kitufe cha ukutani kiwe mita moja na nusu kwenda juu, rimoti isiwe ya kuchezea. Springi ya mlango usiiguse kwa spana, ina nguvu ya kuvunja mkono au taya, mwachie anayeijua. Na jenereta isiwashwe ndani ya banda, hata mlango ukiwa wazi: moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu.

Mama ameuliza kuhusu wapangaji, nani alipe. Kisheria na kimkataba mtazungumza na mwenye nyumba, lakini mtoto ni wako na geti unalipita wewe. Weka stopa, chukua risiti, umkate kwenye kodi mkikubaliana. Na baba, ukifika na gari usipige honi. Shuka, fungua mwenyewe, au mpigie simu mtu mzima aliye ndani.