Mfalme Mwenye Chetezo Mkononi

Bwana asifiwe, watumishi wa Mungu. Mwenyekiti ameshawatambua wazee wetu na wageni, kwa hiyo mniruhusu niseme itifaki imezingatiwa. Fungueni Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 26.

Tukihubiri juu ya kiburi huwa tunamkimbilia Farao, au Nebukadneza. Hao hawatuumizi, maana hakuna aliyeketi hapa anayejiona ndani yao. Leo nimewaletea mtu wa nyumbani. Uzia, mfalme wa Yuda, alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala Yerusalemu miaka 52. Alimtafuta Mungu siku za Zekaria, na muda wote alipomtafuta Bwana, Mungu alimfanikisha. Mafanikio yenyewe yalionekana kwa macho: alibomoa kuta za Gathi, Yabne na Ashdodi, akajenga minara Yerusalemu na jangwani, akachimba visima vingi kwa ajili ya mifugo yake. Alikuwa na watunza mizabibu milimani kwa sababu alipenda kulima, jambo ambalo mimi binafsi linanifanya nimpende mfalme huyu. Jeshi lake lilikuwa la watu 307,500, na juu ya minara akaweka mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa.

Sasa someni mstari wa 15 na wa 16 kwa pamoja. Wa 15 unasema alisaidiwa kwa namna ya ajabu mpaka akawa na nguvu. Wa 16 unasema alipokuwa na nguvu, moyo wake uliinuka. Katikati hapo hamna vita alivyoshindwa, hamna mwanamke, hamna sanamu. Kilichomwangusha ni msaada uleule aliopewa, alipoanza kuuona ni mali yake.

Akachukua chetezo, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi waliyowekewa wana wa Haruni. Angalieni vizuri alikokwenda. Kiburi cha mtu wa kanisani hakimpeleki kilabuni. Kinampeleka madhabahuni, na uvumba mkononi. Kuhani Azaria akamfuata na makuhani 80, watu mashujaa, wakamwambia wazi kwamba kazi ile si yake, atoke patakatifu.

Hapa naomba tukae kidogo. Ukoma haukumtokea Uzia alipovuka kizingiti, wala aliposhika chetezo. Ulimtokea kwenye kipaji cha uso alipowakasirikia makuhani. Yaani baada ya kosa kufanyika, mlango wa kutokea salama ulikuwa bado wazi. Angeweka chetezo chini, akawashukuru wale wazee, angerudi ikulu akiwa mfalme mwenye afya. Hasira ndiyo iliyoufunga mlango ule.

Ndiyo maana mimi kiburi cha mtumishi sikipimi kwa gari wala suti. Nakiangalia siku anapoonywa. Mhazini wa usharika anasimama kwenye kikao, taarifa ya fedha mkononi, anasema kwa adabu kabisa kwamba michango ya paa imenunua vipaza sauti na kikao hakikupitisha. Mchungaji hajibu hoja. Anafunga daftari, anamtazama, anauliza: “Wewe umeokoka lini?” Kikao kizima kinaangalia meza. Jumapili inayofuata mhazini anakaa na watoto wake kusikiliza mahubiri ya Kora na Dathani, wale waliomwasi Musa, ardhi ikiwameza.

Kisha linatajwa lile andiko la kutowagusa wapakwa mafuta wa Bwana. Ndugu zangu, isomeni Zaburi ya 105 kuanzia juu kidogo. Inawasimulia mababa, Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa wageni wachache wanaotangatanga, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Ni neno la kuwalinda wanyonge dhidi ya wenye mamlaka! Tumelichukua tukampa mwenye mamlaka ajikinge nalo asiulizwe hesabu. Jambo hili linanisikitisha sana. Na Daudi, aliyepakwa mafuta na Samweli mwenyewe, alipochukua mke wa mtu na kumwaga damu ya mumewe, nabii Nathani alimwendea na mfano wa tajiri aliyemnyang’anya maskini mwanakondoo wake, akamwambia kwamba tajiri huyo ni yeye. Daudi alikuwa na upanga wa kumnyamazisha nabii. Akakiri kwamba amemkosea Bwana.

Ukanda wetu ulipata kuiona toba ya namna hii. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja Namirembe, Kampala, wakisoma Biblia na kuomba. Moto wa Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka iliyofuata ulifika mpaka kwetu Tanganyika na Kenya. Ukoloni ukiwa umeshika, Wazungu walikiri mbele ya Waafrika dharau waliyokuwa nayo mioyoni, na Waafrika wakakiri chuki yao. Kukiri huko waliita kutembea nuruni. Lakini hata humo kiburi kiliingia, maana walitokea waliojivunia toba yao na kuwapima wengine kwayo. Farisayo wa Luka 18, aliyejisifu katika maombi, anaweza kujifunza maneno ya mtoza ushuru na bado akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki.

Tumtazame basi Bwana wetu. Katika Marko 1 mwenye ukoma, ambaye sheria ilimtaka akae nje, anamjia, naye ananyosha mkono na kumgusa. Habari zikaenea hata Yesu asiweze tena kuingia mjini waziwazi, akakaa nje, mahali pasipo watu. Aliyetakaswa anarudi mjini, na Mtakasaji anabaki nje. Uzia aliingia asikoitwa. Mwana wa Daudi, mwenye haki ya kuingia, aliteswa nje ya lango kwa ajili yetu.

Uzia alimaliza siku zake katika nyumba ya peke yake, na mwanawe Yothamu akasimamia ikulu. Sura ya 27 inasema Yothamu alifanya mema yote kama baba yake, ila hakuingia hekaluni.

Kabla ya kwenda kwenye vikundi, kila mmoja aandike jina la mtu mmoja katika usharika wake anayeweza kumwambia “hapo umekosea” na asipoteze nafasi yake. Asiyepata jina aanze kuzungumza yeye kwenye kikundi.