Siku 16 za Columbia

Ndugu wanafunzi, walimu wangu, asanteni kwa kunialika. Ajali ya Columbia, chombo cha Marekani cha kubeba wanaanga, huanza kusimuliwa kuanzia asubuhi ya tarehe 1 Februari 2003, chombo kilipokatika vipande vipande juu ya Texas. Mimi nitaanzia nyuma, kwa sababu asubuhi ile hakukuwa tena na la kufanya.

Columbia iliruka kutoka Florida tarehe 16 Januari. Sekunde 82 hivi baadaye, kipande cha povu gumu linalofunika tangi la nje la mafuta kilibanduka kikagonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Hakikufika hata kilo moja. Lakini povu likishabanduka, hewa hulipunguza mwendo papo hapo, na chombo kinakuja nyuma yake kwa kasi. Kipande kile kiligonga bawa kwa zaidi ya kilomita 800 kwa saa.

Kesho yake wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walikuwa wakiitazama video ya kuruka kwake. Iliwaonyesha pigo, haikuwaonyesha jeraha. Wakaomba jeshi lipige picha za chombo kikiwa angani. Mhandisi Rodney Rocha aliandika barua pepe akiuliza kama wangeweza hata kusihi wapewe msaada huo. Maombi yalikuwa matatu, na picha haikupigwa hata moja.

Hapa naomba tutulie kidogo. Viongozi wale hawakuwa wajinga wala wakatili. Povu lilikuwa likidondoka tangu safari za mwanzo, na kila mara chombo kilirudi salama, hadi likahesabiwa kuwa ni suala la matengenezo baada ya safari. Ndipo mambo yakapinduka: mhandisi akatakiwa athibitishe kwamba kuna hatari, ilhali kazi ya shirika ilikuwa kuthibitisha kwamba usalama upo. Na angethibitishaje bila picha? Hilo bado linaniuma. Tarehe 23 Januari wanaanga wenyewe waliandikiwa kuwa pigo lile si la kutia wasiwasi.

Sasa kurudi. Chombo kinapoingia kwenye angahewa, ukingo wa mbele wa bawa hupata joto la zaidi ya nyuzi 1,500. Kwenye ukingo wa Columbia kulikuwa na tundu, na gesi ya moto ikapenya hadi kwenye fremu ya alumini. Saa 2:54 asubuhi, kwa saa za Florida, waongozaji wa safari huko Houston waliona vipima joto vinne vya bawa la kushoto vikizimika. Dakika tano baadaye vikapotea vipimo vya shinikizo la matairi ya upande uleule. Kamanda Rick Husband akaanza kujibu, “Roger”, yaani “nimesikia”, na neno lililofuata likakatika. Zilibaki dakika 16 tu kutua.

Pamoja naye walikufa William McCool, Michael Anderson, Kalpana Chawla, David Brown, Laurel Clark na Ilan Ramon.

Wapo wanaosema hata picha zingepigwa, zisingesaidia kitu. Sikubaliani nao. Tume ya uchunguzi, chini ya Admirali Harold Gehman, iliagiza jambo hilo lipigiwe hesabu. Hewa ya Columbia ingeweza kunyooshwa hadi katikati ya Februari, na chombo kingine, Atlantis, tayari kilikuwa kikiandaliwa kwa safari ya Machi. Kukiharakisha kungekuwa na hatari kubwa, ila kulikuwa kunawezekana, mradi uamuzi ufanywe siku za mwanzo. Mwezi Julai tume ilifyatua povu kwenye paneli halisi ya bawa huko San Antonio, na likatoboa tundu la sentimita 40 hivi.

Chombo kingine, Discovery, kiliporuka Julai 2005, bawa lilikaguliwa angani kwa kamera iliyofungwa kwenye mkono mrefu. Povu lilidondoka tena safari hiyo, kipande kikubwa, ingawa hakikugonga chombo. Safari zikasimamishwa kwa karibu mwaka mzima.